Nati inapozunguka na bolti yake: namna ya kuifungua bila kuharibu gari wala kuumia

Umenunua linki mpya au shokapu mpya mjini, umerudi nayo kijijini, umeinua gari na kufungua gurudumu. Unaweka spana kwenye nati na inaanza kuzunguka. Inazunguka mara moja, mara mbili, mara kumi, lakini haitoki. Ukichungulia upande wa pili unaona bolti nayo inazunguka. Vyote viwili vinakwenda pamoja, na hakuna kinachofunguka.

Jambo hili huwakuta wengi wanaotengeneza gari wenyewe, hasa sehemu za chini zinazobeba gurudumu: linki, shokapu, boljointi na bushi. Sehemu hizo hupigwa na tope, maji na vumbi kila siku. Gari nyingi tunazotumia zimetoka Japani zikiwa zimeshatembea miaka mingi. Zilizotoka maeneo ya theluji kule, ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, mara nyingi hufika na kutu tayari chini ya bodi. Wanaoishi pwani wanajua pia kwamba hewa ya bahari haina huruma kwa chuma.

Makala hii inaeleza kwa nini nati huzunguka bila kufunguka, nini cha kufanya kwa kila sehemu, na ni wapi mtu wa nyumbani anapaswa kuweka spana chini na kumwita fundi. Isome yote kabla ya kuingia chini ya gari.

Kwa nini nati inazunguka bila kufunguka

Nati hufunguka pale tu inapozunguka huku bolti imetulia. Kwenye bolti ya kawaida kazi hiyo ni rahisi, kwa sababu unashika kichwa kwa spana moja na nati kwa spana nyingine. Sehemu nyingi za chini ya gari hazina kichwa cha kushika. Upande wa pili wa bolti kuna mpira wa chuma unaocheza ndani ya kikombe chake, kama kwenye linki na boljointi, au kuna fimbo inayoingia ndani ya shokapu. Mpira huo na fimbo hiyo viliundwa vizunguke.

Nati inapokuwa safi, inateleza kirahisi kwenye hesi za bolti na kutoka. Ikishikwa na kutu, nguvu inayoiunganisha na bolti inazidi nguvu inayoituliza bolti, kwa hiyo vyote viwili huenda pamoja. Hata nati mpya zenye pete ya plastiki ndani hufanya hivyo, kwa sababu pete hiyo imewekwa makusudi ili ing'ang'anie hesi nati isilegee barabarani.

Ndiyo maana kuongeza bomba refu kwenye spana hakusaidii. Nguvu si tatizo hapa. Swali la kujiuliza ni hili: kitu gani kinatakiwa kutuliza bolti hii, na nitakishikaje?

Kabla ya spana: jeki si stendi

Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia mtu akiwa chini yake. Jeki ya mafuta inaweza kushuka taratibu bila kuonyesha dalili, na ya kukunja inaweza kulala upande kwenye udongo laini. Nati inayozunguka ni hatari zaidi kwa sababu itakufanya uvute, usukume na kutikisa gari kwa muda mrefu.

Egesha mahali tambarare na pagumu. Vuta breki ya mkono. Weka mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Ukishainua, weka stendi za chuma chini ya sehemu imara ya bodi, na chini ya stendi weka ubao mpana zisizame. Usitumie matofali ya saruji, maana yanaweza kupasuka ghafla. Kama huna stendi, gogo zito lililokatwa sawasawa pande zote mbili ni afadhali kuliko tofali. Kisha lisukume gari kwa nguvu ukiwa umesimama nje. Likitikisika kwenye stendi, bado halijawa tayari kwa wewe kuingia chini.

Baada ya hapo shughulikia uchafu. Chukua brashi ya waya usugue hesi zote zinazoonekana nje ya nati, kwa sababu nati italazimika kupita hapo. Tia mafuta ya kulegeza kutu na uyape muda. Ukiyatia jioni ukafungua asubuhi, ni bora kuliko kuyatia na kuvuta papo hapo. Asiye na mafuta hayo anaweza kutumia dizeli kidogo, ingawa haina nguvu sawa. Usitumie petroli. Mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu.

Linki ya stabilaiza

Hapa ndipo tatizo hili hutokea zaidi. Linki ni ile fimbo fupi yenye mpira wa chuma kila upande, inayounganisha shokapu au mkono wa gurudumu na chuma kirefu kinachozuia gari kulala kwenye kona. Ikichoka, unasikia mlio wa kugonga mbele gari linapopita kwenye mashimo madogo.

Kwanza, inua pande zote mbili za mbele kwa usawa. Ukiinua gurudumu moja tu, chuma kile kirefu kinajipinda na kuivuta linki, na bolti inabanwa upande.

Pili, itazame ncha ya bolti. Kwenye linki nyingi kuna tundu la pembe sita katikati ya ncha, mara nyingi la milimita 5 au 6. Tundu hilo liliwekwa kwa ajili ya tatizo hili hasa. Unaingiza ufunguo wa pembe sita uliopinda kama herufi L ili kuituliza bolti, na nati unaizungusha kwa spana ya ringi.

Wengi huliharibu tundu hilo kwa haraka. Limejaa tope na kutu, ufunguo unaingia nusu tu, na ukivuta unakula kona zake. Lisafishe kwanza kwa msumari mwembamba hadi uuone mwisho wake. Gonga ufunguo kwa nyundo taratibu mpaka uingie wote. Kisha zungusha nati nusu mzunguko kutoka, irudishe robo, tia mafuta, endelea. Kurudisha huko kunaisukuma kutu itoke kwenye hesi isijikusanye na kukwama.

Linki nyingine hazina tundu. Badala yake zina pande mbili bapa nyuma ya bolti, kati ya kipira kinachozuia vumbi na chuma kinachoshikilia linki. Hapo huingia spana nyembamba. Spana ya kawaida isipoingia, mafundi wengi huwa na moja iliyosagwa kuwa nyembamba kwa kazi hiyo.

Kama tundu limeshakwisha na linki unaitupa, kuna njia mbili. Unaweza kukikata kipira cha vumbi na kuushika mzizi wa bolti kwa koleo la kujifunga, lile ambalo mafundi huliita vaisi gripu. Au unaweza kuisaga ncha ya bolti pande mbili kwa tupa hadi spana ndogo ishike. Usifanye hivyo kwa linki unayotaka kuirudisha.

Boljointi na tairodi

Boljointi inaunganisha gurudumu na mkono wa chini, na tairodi inaunganisha gurudumu na usukani. Bolti zake hazikunyooka kama nyingine. Shingo ya bolti ni nene chini na inazidi kuwa nyembamba kuelekea kwenye nati, na tundu lake nalo limechongwa hivyo. Inapovutwa na nati hujibana ndani ya tundu kama kabari ndani ya mpini wa jembe. Kubanwa huko ndiko kunakoituliza bolti.

Ikianza kuzunguka, maana yake kabari imelegea. Dawa ni kuibana tena: sukuma bolti kuelekea upande ilipo nati huku ukifungua. Nati ikiwa juu, weka jeki ndogo chini ya boljointi na uipandishe kidogo tu hadi bolti ikae imara, bila kuliinua gari kutoka kwenye stendi. Nati ikiwa chini, tumia mtaimbo kuisukuma bolti ishuke, au kambia ya kubania mbao, ilimradi nguvu ielekee kwenye nati. Mara nyingi kusukuma kidogo kunatosha, na nati hutoka kama kawaida.

Kabla ya kuanza, kumbuka kutoa pini iliyopita kwenye tundu la bolti kama ipo. Wapo wanaohangaika na nati saa nzima kumbe pini bado iko ndani.

Jambo jingine la usalama: kwenye pikapu na gari nyingi nzito, springi inausukuma mkono wa chini. Boljointi ikiachia, mkono huo unaruka. Weka jeki chini ya mkono kabla ya kugusa nati, na usiitoe nati yote. Iache ishike hesi chache mpaka kabari iachie, ndipo umalizie.

Shokapu, na nati moja ya kuiacha

Shokapu za nyuma za pikapu na mabasi madogo mengi husimama peke yake, mbali na springi. Nati yake ya juu ikizunguka na fimbo, itazame ncha. Utakuta pande mbili bapa au kichwa kidogo cha kushika kwa spana. Shika hapo, zungusha nati kwa spana iliyopinda. Usiishike fimbo ing'aayo kwa koleo kama shokapu hiyo itarudi kwenye gari. Mkwaruzo mmoja tu utaichana sili, na baada ya siku chache utaona mafuta yakivuja.

Shokapu za mbele za gari ndogo nyingi, zikiwemo zile zinazobeba abiria na mizigo vijijini kwetu, ni jambo jingine. Springi imeizunguka shokapu yenyewe. Muundo huu huitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson aliyeubuni. Ukifungua boneti utaona juu yake nati kadhaa, mara nyingi tatu, zimezunguka nati moja kubwa ya katikati. Zile za pembeni zinashikilia shokapu kwenye bodi, na ndizo za kufungua unapoishusha. Ile ya katikati ndiyo inayoizuia springi.

Springi hiyo imebanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo. Ukiifungua nati ya katikati bila kuibana springi kwa kifaa chake maalumu, kifuniko na springi vitaruka kama risasi. Vinaweza kuvunja taya au mkono, na vinaweza kuua. Kamba, waya au mnyororo wa baiskeli si kifaa cha kubania springi. Kama nati ya katikati inazunguka na fimbo, usiendelee nyumbani hata ukiwa na spana zote. Toa shokapu nzima kwa zile nati za pembeni na bolti za chini, ipeleke ilivyo kwa fundi mwenye kifaa, na yeye aitenganishe.

Nati iliyofichwa ndani ya bodi

Wakati mwingine ni bolti inayozunguka bila mwisho, na nati huioni. Bolti za bushi na za mikono ya gurudumu mara nyingi huingia kwenye nati iliyochomelewa ndani ya chuma chenye uwazi. Kutu ikila ule uchomeleaji, nati inaachia na kuzunguka humo ndani.

Jaribu kwanza kuingiza kabari au bisibisi pana chini ya kichwa cha bolti na kukivuta kitoke huku ukizungusha. Mvuto huo unaweza kuibana nati kwenye ukuta wa chuma ikatulia. Tafuta pia kama kuna tundu la karibu la kupitisha spana au bisibisi ya kuizuia. Ikishindikana, kinachobaki ni kukata kichwa cha bolti, au kufungua kidirisha kwenye chuma ili kuifikia nati na baadaye kukichomelea. Kidirisha hicho ni kazi ya fundi. Chuma hicho kinabeba gurudumu, na kukikata ovyo ni kukidhoofisha.

Ikikataa kabisa, kata

Hakuna aibu kukata nati. Mara nyingi ni haraka na salama kuliko kuhangaika nayo saa tatu, ilimradi kitu unachokata kina mbadala mkononi. Usikate kabla spea mpya haijafika na hujailinganisha na ya zamani.

Kwa grainda au msumeno wa chuma, ichane nati upande mmoja, sambamba na bolti, hadi karibu na hesi. Kisha weka tindo kwenye mpasuko na upige nyundo. Nati itapanuka na kuachia. Vaa miwani ya kukinga macho. Funika mpira wa breki na nyaya kwa kitambaa kilicholowa, na weka ndoo ya maji au mchanga karibu. Hakikisha hakuna mafuta yanayovuja hapo.

Moto wa gesi ni msaada mkubwa kwa kutu, lakini si kwa kila mahali. Usiichome shokapu: ndani kuna mafuta, na nyingi zina gesi iliyoshindiliwa. Usichome karibu na tangi, bomba la breki au mpira wa bushi. Na usikubali boljointi iliyoshindikana kufungwa ichomelewe ili ikae. Joto huharibu kikombe chake na kubadilisha ugumu wa chuma, na siku itakayovunjika hutapata onyo.

Kufunga ni nusu ya kazi

Nati mpya inaweza kuzunguka na bolti wakati wa kufunga pia, na hapo ndipo ajali huandaliwa, kwa sababu mtu huchoka na kusema imetosha. Shika bolti kwa njia ileile uliyofungulia, ukaze hadi mwisho.

Tumia nati mpya pale iliyotoka ilikuwa na pete ya plastiki, kwani pete iliyokwisha kutumika haing'ang'anii kama mwanzo. Shingo ya boljointi na tundu lake vifutwe vikauke; usipake grisi hapo, kwa sababu kabari inahitaji kushika. Kwenye nati yenye meno ya kupitishia pini, kama tundu halijalingana, kaza zaidi kidogo hadi lilingane. Usilegeze nyuma. Weka pini mpya na uikunje.

Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Ukizikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira utakaa umepindika kila siku na kuchanika mapema.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, rudi ukazikague nati zote ulizozigusa. Ukibadilisha tairodi, nenda ukapimiwe magurudumu hata kama usukani unaonekana umenyooka.

Ipi inaweza kusubiri, ipi haiwezi

Swali gumu ni pale kazi inapokwama katikati, giza linaingia, na mjini ni mbali. Jibu linategemea sehemu yenyewe.

Linki ikikataa, gari linaweza kutembea bila hiyo kwa safari fupi ya kwenda kwa fundi. Litalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo enda polepole na bila mzigo wala abiria wengi. Toa linki yote, au funga kwa waya upande uliobaki ukining'inia ili usiguse tairi wala mpira wa breki.

Boljointi au tairodi ambayo nati yake imelegea na haikazi ni habari nyingine. Gari hilo lisiondoke hata mita mia moja. Boljointi ikichomoka, gurudumu hulala chini ya gari. Tairodi ikichomoka, usukani hauliongozi tena gurudumu hilo. Usiifunge kwa waya au mpira wa baiskeli ili ufike tu. Mwite fundi aje na vifaa, au livutwe likiwa limepakiwa juu ya gari jingine. Gharama ya kumleta fundi kijijini inauma, lakini hiyo ndiyo nati inayowashikilia watoto unaowapeleka shule asubuhi.

Kwa ufupi, hifadhi haya kwenye simu yako: safisha hesi na tia mafuta mapema, tafuta kinachotakiwa kutuliza bolti na ukishike, nati ya katikati ya springi ya mbele usiiguse, kata ukiwa na spea mkononi, na usiendeshe gari lenye boljointi au tairodi isiyokazwa.